Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya usalama wa Kariakoo, Gerezani na Posta: mfuateni mnunuzi

Kwa viongozi wa mkoa, wilaya na jiji, makamanda wa polisi, na wote waliokabidhiwa usalama wa katikati ya Dar es Salaam.

YAH: WIZI WA MALI KATIKATI YA JIJI NA SOKO LINALOUPOKEA

Waheshimiwa,

Salaam. Tunaowaandikia ni wenye maduka, mafundi wa magari na wa simu, madereva, wapagazi na walinzi wa usiku tunaofanya kazi kati ya Msimbazi na Posta. Haya tunayoyaandika mmeyasikia kwa mdomo katika vikao vya mitaa, na mmeyapata kwa maandishi. Jibu lililotufikia kila mara ni kwamba msako utafanyika. Msako hufanyika kweli. Wanakusanywa vijana, wengi wao kwa kosa la uzururaji, wanatozwa faini au wanaachiwa, na wiki inayofuata gari linavuliwa taa palepale lilipovuliwa mwenzake. Kwa heshima zote, tumeona sasa tuseme hadharani.

Tuna hoja moja kubwa. Mwizi wa katikati ya jiji haibi ili akatumie. Anaiba ili auze, na anauza ndani ya saa chache, mahali panapofikika kwa miguu. Yeye hana anwani, kesho yuko Mbagala na keshokutwa yuko Manzese. Anayenunua ana fremu, ana mkataba wa pango, ana leseni ya biashara na namba ya mlipakodi. Huyo hakimbii, na ndiye asiyeguswa. Kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamhesabu anayepokea mali ya wizi huku akijua kuwa ni ya wizi kuwa mhalifu kwa haki yake mwenyewe. Kwa hiyo hatuombi sheria mpya. Tunaomba iliyopo itumike.

1. Vifaa vya magari

Hapa ndipo mpangilio unapoonekana wazi kuliko kwingine, kwa hiyo mtuvumilie tueleze kwa kirefu.

Kioo cha saiti mira kimeshikwa na vishikizo vya plastiki tu juu ya bamba la mota. Ukikivuta kwa ukingo kinatoka, bila spana, kwa sekunde chache. Ndiyo maana kinaibwa hata kwenye foleni dereva akiwa ndani. Wengi wamepiga ribiti, lakini ribiti ina hasara yake: mwizi akishindwa kung'oa kioo anavunja saiti mira nzima, na mwenye gari anaishia kununua kifaa cha bei kubwa zaidi. Taa za mbele, indiketa, shoo na swichi za vioo nazo huondoka kwa mpangilio wa soko. Gari likishakuwa la kawaida barabarani, vifaa vyake huanza kutafutwa, na kinachotafutwa ndicho kinachoibwa.

Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ni jambo jingine kabisa. Katika magari mengi ya Toyota yaliyojaa mjini, boksi hili liko nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria. Mwizi anavunja kioo kidogo cha mlango wa nyuma au analazimisha kitasa, anaangusha droo, anafungua bolti chache za spana namba 10, anachomoa soketi za waya na kuondoka. Mwenye gari akirudi anawasha swichi, taa ya injini haiwaki kwenye dashibodi na gari halistarti. Sasa jambo la kuzingatia ni hili: boksi la injini moja halifanyi kazi kwenye injini nyingine. Kila boksi lina namba ya kifaa, na kwa Toyota nyingi namba hiyo huanza na 89661. Mtu hawezi kuiba boksi lolote kisha atafute mteja. Mteja anakuwepo kwanza, anataja namba, ndipo gari linatafutwa. Huu ni wizi wa oda, na oda haitolewi na kijana wa mtaani. Inatoka kwa mtu anayejua namba za vifaa.

Tena namba hiyo inataja aina ya kifaa, haitaji gari. Mwenye mali hata akiliona boksi lake mezani dukani hana jinsi ya kuthibitisha kuwa ni lake, isipokuwa awe ameliwekea alama yake mapema. Hicho ndicho kinachompa muuzaji ujasiri.

Tunajua mtatuambia kuwa spea zilizotumika ni biashara halali. Ni kweli, na sisi tunaishi kwayo. Sehemu kubwa ya spea hizo huingia kwa kontena kutoka Japani, zina karatasi za forodha, na muuzaji mwaminifu hana tabu ya kuzionyesha. Lakini kioo kilichochorwa namba ya usajili ya Tanzania hakikutoka Japani. Kioo chenye alama ya msasa pale namba ilipokuwa hakikutoka Japani. Mkaguzi mwenye tochi, akikishika kioo kwa mshazari dhidi ya mwanga, ataona mahali palipokwanguliwa. Ukaguzi wa aina hiyo ni kazi ya nusu saa kwa duka moja.

Kuna pia masega ya exozi, yaani vichujio vya moshi wa gari. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wake hujitangaza bila kificho. Mengine hukatwa usiku chini ya gari lililoegeshwa, hasa magari yaliyoinuka juu ambayo mtu anaingia chini yake bila jeki. Mengine, tunalisema hili ingawa linawagusa wenzetu, hutolewa gereji gari likiwa limekuja kwa kazi nyingine. Mteja anarudishiwa gari lenye mlio mkubwa kidogo na taa ya injini inayowaka, na anaambiwa ni sensa. Mnunuzi wa masega hamuulizi muuzaji swali hata moja.

2. Simu

Ukwapuaji wa simu una saa zake na mahali pake. Asubuhi kuanzia saa 5 ni mitaa ya Kongo, Msimbazi na Aggrey, msongamano ukiwa mkubwa kiasi kwamba mtu hahisi mkono mfukoni. Jioni kati ya saa 11 na saa 2 usiku ni vituo vya daladala na vya mwendokasi, Mnazi Mmoja na Gerezani, na madirisha ya magari yaliyosimama kwenye taa. Pikipiki ya mkwapuzi mara nyingi hubeba watu wawili, na namba yake imekunjwa au imepakwa tope.

Simu ikishatoka mkononi, laini hutolewa mara moja. Yenye ulinzi dhaifu hupigwa flashi na kuuzwa nzima. Iliyofungwa na akaunti ya mwenyewe huvunjwavunjwa: kioo, betri, kamera, bodi, kila kimoja kwa mteja wake. Iliyo nzuri zaidi hupelekwa nje ya mpaka, kwa sababu simu iliyofungiwa katika mitandao ya hapa inaweza kuendelea kufanya kazi kwenye mtandao wa nchi jirani.

Nchi yetu ina mfumo wa kuzifungia simu kwa namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kila simu, tangu mwaka 2016, simu bandia zilipozimwa. Kubadilisha namba hiyo ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kinachokwamisha ni mlolongo. Aliyeibiwa hajui IMEI yake, kwa kuwa hakuwahi kupiga *#06# na kuiandika mahali, boksi alilitupa, na risiti aliyopewa dukani imeandika "simu 1". Anayeijua naye mara nyingi anataja namba moja, na simu ya laini mbili ina IMEI mbili. Zote mbili zinatakiwa kufungiwa.

3. Maduka na stoo

Mbinu ni chache na hazibadiliki sana. Kuna ya kufuli: mchana muuza duka anafungua na kuliacha kufuli limening'inia wazi kwenye komeo, mtu anapita na kulibadilisha kwa jingine la aina ileile, usiku duka linafungwa kwa kufuli la mwizi. Hakivunjwi kitu, na asubuhi anayeshukiwa ni mfanyakazi. Kuna ufunguo malaya, ule mmoja unaofungua makufuli mengi, kwa makufuli ya bei rahisi. Kuna ya dari: fremu nyingi za Kariakoo zimegawanywa kwa mbao au jipsam isiyofika kwenye paa, kwa hiyo aliyepanga fremu ndogo ya pembeni, au aliyejificha chooni hadi jengo likafungwa, anatambaa juu na kushuka duka la nne. Shata la mbele linabaki zima.

Mlinzi wa nje hawezi kuliona hilo. Mara nyingi ni mmoja kwa fremu nyingi, ana filimbi na rungu, na hana funguo za ndani. Kutafuta kosa kwake ni kumwonea.

Kuhusu kamera, tunaomba msikie hesabu hii. Kamera moja inayorekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde hutumia takriban gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera 8 ni karibu gigabaiti 173. Diski ya terabaiti 1 hujaa kabla ya siku 6, kisha mashine inaanza kuandika juu ya picha za zamani. Mpelelezi anayefika siku ya nane hakuti kitu, na jalada linaandikwa kuwa hakuna ushahidi wa picha. Ushahidi ulikuwepo. Ulifutwa ukimsubiri. Ongezeni na saa za mashine hizi, ambazo betri yake ndogo ikifa hurudi nyuma miaka, hivyo hata picha ikipatikana wakili anauliza ni ya lini.

4. Vyuma vya umma

Vifuniko vya chemba, dira za maji za brasi, nyaya za taa za barabarani, vyuma vya mitaro. Vyote huuzwa kwa kilo kwenye vyuma chakavu. Kifuniko cha chemba kina nembo na umbo ambalo hakuna raia mwenye nalo nyumbani kwake, na bado kinapimwa kwenye mizani na kulipiwa. Waya wa taa ukikatwa mtaa mzima unakuwa giza, na giza hilo ndilo linalowahudumia wezi wa taa za magari tuliowataja juu. Mtoto au mzee akitumbukia chemba iliyo wazi wakati wa mvua, maji yamefunika shimo, hiyo ni roho ya mtu, kwa chuma cha kilo kadhaa.

Vifuniko vya zege vinasaidia, ila pasipopita malori. Zege lisilo na nondo za kutosha likikanyagwa na Fuso linapasuka, na mnarudi mlikotoka.

5. Mizigo ya wateja wa mbali

Wateja wetu wanatoka Zambia, Kongo, Malawi na Komoro. Belo linapotoka dukani kwenda kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, au stoo ya wasafirishaji, mtu anajitokeza kama mpagazi, anabeba, anakata kona. Wapagazi wa kweli wanajuana kwa sura, mgeni hawajui. Na mteja wa Lubumbashi akiibiwa hawezi kukaa Dar miezi mitatu akisubiri kutajwa kwa kesi. Wezi wanalijua hilo, na ndiyo maana wanamchagua yeye.

6. Namna wizi unavyoandikwa

Pengine hili ndilo zito kuliko yote, na halihitaji hata shilingi. Mtu aliyeibiwa simu au aliyevuliwa taa za gari huambiwa achukue ripoti ya mali iliyopotea. Anaikubali kwa sababu ni ya haraka na inamtosha kurudishiwa laini. Lakini ripoti ya upotevu si jalada. Haina RB, yaani namba ya kosa lililoandikishwa polisi, haina mpelelezi, haihesabiwi kama kosa. Wizi ukiandikwa kuwa upotevu, takwimu zinatulia, na nyinyi mnaposoma taarifa ya mwezi mnaona Kariakoo ni shwari. Doria inapangwa kwa kufuata taarifa hiyo. Kwa hiyo askari wanapelekwa kusiko na wizi, saa isiyo ya wizi.

Tunachokijua sisi kwa kukaa hapa, daftari lenu lingepaswa kukijua vizuri zaidi: Jumapili asubuhi magari yaliyoegeshwa kuzunguka makanisa ya Posta, Ijumaa mchana yaliyo jirani na misikiti, usiku mitaa ya stoo yenye mgao wa umeme ambako mlio wa jenereta unafunika mlio wa grainda, na wiki za kuelekea Idi na Krismasi maduka yakiwa yamejaa.

Sasa tujibu mapema yale tunayotarajia kuambiwa.

Askari ni wachache. Ni kweli, na ndiyo sababu tunasema wasiwakimbize wezi mia. Wanunuzi wakubwa ni wachache kuliko wezi na wanakaa mahali pamoja.

Wenye mali ni wazembe. Wapo. Mtu anaacha simu kwenye dashibodi na kioo kimeshushwa. Lakini uzembe wa aliyeibiwa haumpi mwingine ruhusa ya kununua taa yake saa 3 baadaye.

Wananchi hawaji kutoa ushahidi. Nalo ni kweli, na mna uwezo wa kulipunguza. Mali iliyoibiwa kwa mfanyabiashara ikikamatwa, inashikiliwa kama kielelezo mpaka kesi iishe. Belo la nguo za sikukuu likirudi mwezi Juni halina thamani. Ndiyo maana wengi wanaomba yaishe. Mali ikipigwa picha, ikaorodheshwa na kurudishwa kwa mwenyewe kwa amri ya mahakama, mashahidi watakuja.

Wananchi wajilinde. Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, maana mitaani kujilinda kumegeuka kuua. Kijana akipigiwa kelele za mwizi hapati nafasi ya kufika kituoni. Anapigwa hadi kufa kwa simu ambayo angeiuza kwa bei ya kutupa, na aliyekuwa aipokee anaitazama maiti ikibebwa, kisha anarudi dukani kwake. Hatutaki damu hiyo mitaani kwetu. Kila mara mnaponyamaza kuhusu mnunuzi, hasira ya watu inabaki na mtu mmoja tu wa kumshukia.

Tunayoomba ni haya, na tumeyaandika kwa namna ya kutekelezeka:

(a) Kila anayenunua spea zilizotumika, simu zilizotumika, masega au vyuma chakavu awe na daftari la manunuzi kama sharti la leseni. Liandikwe tarehe na saa, jina na namba ya NIDA ya muuzaji, namba yake ya simu, namba ya kifaa au IMEI, na picha ya kifaa. Kwa bidhaa za kontena, namba ya kontena na ya hati ya forodha. Kifaa kilichonunuliwa mtaani kikae siku 7 kabla ya kuuzwa tena, malipo yafanyike kwa simu, si taslimu, na ukaguzi uwe wa kushtukiza, ukifanywa na timu yenye fundi mmoja anayevijua vifaa.

(b) Anayeripoti kuibiwa apewe RB siku hiyohiyo. Ripoti ya upotevu ibaki kwa vilivyopotea. Kila mwezi idadi ya makosa itangazwe kwa mtaa na kwa saa, ibandikwe ofisi za serikali za mitaa.

(c) Picha za kamera zichukuliwe ndani ya saa 48. Pawe na askari mmoja wa zamu mwenye jukumu hilo tu na diski ya kubebea. Sisi kwa upande wetu tutaweka diski za angalau terabaiti 4, ambazo kwa kamera 8 zinatupa siku 23 hivi, tutaficha mashine mbali na kaunta, na tutalinganisha saa kila Jumatatu.

(d) RB ya simu itoshe kuanzisha ufungiaji wa IMEI zote mbili bila mwenye simu kuzungushwa ofisi tatu. Na kila duka la simu liandike IMEI kwenye risiti au kadi ya dhamana. Hili wenye maduka ya simu miongoni mwetu tumekubaliana kulianza bila kusubiri amri.

(e) Kifuniko cha chemba, dira ya maji au waya wa taa za barabarani vikikutwa kwenye vyuma chakavu, ashtakiwe mwenye mizani, si mbeba mzigo peke yake. Vifuniko vya njia za waenda kwa miguu vibadilishwe kuwa vya zege la nondo, vya barabarani viwe na bawaba na kufuli.

(f) Wapagazi wasajiliwe kwa serikali za mitaa na wapewe fulana zenye namba kubwa mgongoni. Namba iandikwe kwenye risiti ya mzigo.

(g) Biashara ya saa 24 iliyozinduliwa Kariakoo mwaka 2025 iende na doria ya miguu kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri. Pia ukaguzi wa majengo uangalie dari na kuta za kugawa fremu, na uhakikishe kwamba mageti ya nondo tunayoweka kuzuia wezi yanafunguka kutoka ndani. Moto wa Soko Kuu wa Julai 2021 ulitufundisha kuogopa jengo lililofungwa.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30, yakitaja kila ombi kwa herufi yake na ofisi itakayolisimamia. Baada ya hapo tunaomba mkutano wa hadhara Mnazi Mmoja, ambako tuko tayari kuwaonyesha vifaa mkononi, kioo chenye alama ya msasa na boksi lenye namba, ili anayekagua ajue anachokitafuta.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wafanyabiashara, mafundi, madereva, wapagazi na walinzi wa Kariakoo, Gerezani na Posta,
Dar es Salaam.

Nakala: Wenyeviti wa serikali za mitaa, waheshimiwa madiwani wa kata zetu, vyombo vya habari.